Komoni ya Pilipili na Ulimi wa Nikodemo

Katika kilabu cha pombe cha Mahongole, hapa kwetu Makambako, siku za juma hazitajwi kwa majina ya kalenda. Zinatajwa kwa majina ya wanawake wanaopika. Mtu akiuliza, "Leo kwa nani?" na akajibiwa, "Kwa Erica," anajua kwamba ni Jumanne na kwamba muziki utapigwa kwa sauti ya juu. Akiambiwa ni kwa bibi Tabea, anajua kwamba ni Ijumaa, na kwamba akichelewa atakuta mashapo, kwa sababu yeye ni mwenyekiti wa wapikaji, na komoni yake, pombe yetu ya mahindi na ulezi, haijawahi kulala.

Emilia Mtewele hakuwa na siku. Sisi majirani tunamwita Mama Remmy, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na kwa miaka mingi tulimwona akipika pombe za wenzake. Alichachusha unga wa mahindi, akaukaanga juu ya bati mpaka ukawa na rangi ya kahawia, akaotesha ulezi wa kimea, akachanganya, akachuja. Pombe ilipoiva, ilikuwa ya mwingine. Siku zilizobaki aliuza pilipili sokoni, akiwa amejifunga khanga mbili dhidi ya upepo, akitafuna bidhaa yake mwenyewe. Ndiyo, akitafuna. Wengine hutafuna karanga. Emilia hutafuna pilipili kichaa, zile ndogo nyekundu, huku akipiga soga.

Mwezi wa tano mwaka huu Mama Lidia, mwenye Jumamosi, alihamia Mdandu kwa mwanawe. Jumamosi ikabaki wazi! Hiyo ndiyo siku bora kuliko zote, siku ambayo hata watu wa mjini hushuka Mahongole. Wifi wa Erica, yule mwenye Jumanne, aliitaka, na tayari alikuwa amekwisha kuwaonjesha wapikaji komoni yake, nayo ilikuwa nzuri. Emilia aliitaka zaidi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, na alituambia waziwazi, bila kuona haya, kwamba asipoipata safari hii hatajaribu tena.

"Nikapike komoni kama ya wifi wa Erica?" alisema. "Wataniambia, mbona hii tunayo? Mimi nitawaletea kitu ambacho hawana."

Kitu hicho alikiona kilabuni kwa bahati. Mteja mmoja alikuwa akila utumbo wa kuchoma, kipande kikaponyoka kikatumbukia katika kopo lake, pamoja na pilipili yote iliyopakwa juu yake. Wenzake walimcheka. Yeye alikitoa kipande, akanywa komoni ile, kisha akavua koti. Alivua koti, mwezi wa tano, Makambako! Emilia hakulala vizuri siku ile kwa furaha. Alijua kwamba kuanzia mwezi wa sita baridi huwarudisha wateja nyumbani mapema, na sasa alikuwa amepata namna ya kuwapa moto wa kuwekwa tumboni.

Alipika. Alitwanga pilipili kichaa pamoja na mbegu zake, akazimimina katika komoni, akaonja. Akaona haijafika. Akaongeza. Akaonja tena, akaongeza tena, mpaka aliporidhika.

Lazima nieleze desturi ya wapikaji, kwa sababu kila kitu kilitegemea desturi hiyo. Anayetaka siku huleta ndoo ya pombe aliyoipika mwenyewe. Kisha yeye hunywa kwanza, kopo zima, wote wakimtazama usoni. Huko ni kuwaambia wageni wake kwamba kilichomo hakitawadhuru. Uso ukitulia, wengine nao hunywa kwa moyo mweupe.

Siku ya kuonjesha ilipofika, pale kilabuni, Emilia alikunywa kopo zima. Uso wake ulitulia kama uso wa mtu aliyekunywa maziwa. Akajifuta midomo, akatabasamu, akamjazia bibi Tabea. Bibi Tabea aliuamini uso ule, akapiga funda kubwa.

Mimi nilikuwapo. Bibi Tabea alifungua mdomo lakini sauti haikutoka. Machozi yalimtoka katika macho yote mawili kwa pamoja, kitambaa cha kichwa kikamwangukia begani. Erica, aliyekuwa amekwisha kunywa naye, aliliacha kopo lake hewani akakimbilia bombani.

"Maji! Maji, jamani, nakufa!"

"Kwani kuna nini?" Emilia aliuliza, akiwa ameshika jagi. "Mbona haina kitu? Imechangamka kidogo tu."

"Imechangamka?" Bibi Tabea aliipata sauti yake, ingawa ilikuwa ya mtu mwingine. "Wewe Emilia, umekunywa kwanza, ukatuchekea, ndipo ukatupa moto? Unajua maana ya kunywa kwanza?"

"Bibi, naapa, mimi sikusikia chochote."

"Usiape!"

Hilo ndilo lililomuuma Emilia. Pombe kukataliwa si ajabu, wengi wamekataliwa. Lakini alionekana kuwa mtu aliyeutumia uso wake kuwadanganya wenzake. Bibi Tabea, baada ya kunywa maziwa mgando na kutulia, alimpa nafasi moja tu: Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya misa, siku ambayo wapikaji wangeamua. "Na ukituchekea tena," alisema, "hata kuchuja pombe za wenzako hutachuja."

Nyumbani, Emilia alizunguka jiko akijiuliza kosa liko wapi. Alionja komoni ile tena, na tena ikawa haina kitu. Ndipo macho yake yalipoangukia sufuria ndogo iliyoning'inia ukutani. Sufuria hiyo ni ya mumewe, Nikodemo. Tangu walipooana, Emilia humpikia mboga peke yake katika sufuria hiyo, kwa sababu Nikodemo hawezi pilipili. Hawezi kabisa. Katika harusi ya binamu yake Jofrey alionja kachumbari, akatoka nje akilia, na wageni wakadhani amefiwa.

Emilia alikaa chini. Miaka yote hiyo alidhani mumewe ndiye mwenye tatizo. Sasa aliona kwamba ulimi uliokufa ganzi ni wa kwake, na kwamba ulimi mzuri kuliko zote Makambako alikuwa akiulisha mboga za majani zisizo na ladha!

Alipika upya. Safari hii alichagua pilipili zilizoiva, akazitoa mbegu, akazichoma kidogo juu ya makaa mpaka zikanukia, akazifunga katika vitambaa vyeupe safi. Aliigawa komoni katika madumu matatu. Katika dumu la kwanza alitumbukiza kitambaa akakitoa papo hapo. Katika la pili alikiacha kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Katika la tatu alikiacha kutwa kucha. Yeye mwenyewe hakuonja hata tone, jambo ambalo anasema lilikuwa gumu kuliko kufunga wakati wa Kwaresima.

Nikodemo hufanya kazi Njombe mjini, katika kiwanda cha mbao, na hurudi nyumbani Jumamosi. Emilia hakuweza kungoja Jumamosi. Alipanda gari la Njombe na madumu yake, akaingia kiwandani saa ya chakula, wafanyakazi wakiwa wamekaa juu ya mbao za paini wakila.

"Kamwene!" aliwasalimu.

"Kamwene, shemeji!" alijibu Fidelis, mshika randa mwenzake Nikodemo. "Umemletea mzee uji?"

"Nimemletea mtihani. Una pilipili."

Kiwanda kizima kilicheka.

"Pilipili? Huyu?" Fidelis alisema. "Huyu akila hoho anaaga watoto!"

"Mama Remmy," Nikodemo alisema taratibu, akifuta vumbi la mbao usoni, "nimekukosea nini?"

"Baba Remmy, nisikilize. Ulimi wangu umekufa. Nina Jumapili moja tu. Ukinisaidia, nimepata siku. Ukikataa, nitaendelea kuwachujia watu mpaka nizeeke."

Nikodemo alimtazama mkewe, akanyoosha mkono kupokea kopo.

Kopo la dumu la kwanza alilinywa macho yakiwa yamefumbwa. Akayafumbua. "Tamu. Lakini hii ni komoni ya siku zote. Umepoteza safari."

La pili alilinywa akashusha mabega. Akaweka kiganja kifuani.

"Nini?" Emilia aliuliza.

"Ngoja."

"Baba Remmy, nini?"

"Ngoja, nakwambia, inakuja." Alifungua kifungo cha kwanza cha sweta, kisha cha pili. "Mdomoni imepita kama mgeni mwenye adabu, imepiga hodi tu. Sasa imefika kifuani, imekaa, imekunja miguu." Akatabasamu, paji la uso likimetameta kwa jasho. "Nipe tena."

"Unasema?"

"Nipe tena, mama, usinitazame!"

La tatu hakulimaliza. Alirusha kopo, akaruka rundo la mbao kama kijana, akaenda kuingiza kichwa chini ya bomba huku akitamka maneno ambayo sitayaandika hapa. Fidelis, akitaka kuonyesha uanaume, aliliokota kopo, akajimiminia kutoka dumu la tatu, akanywa, na baada ya muda mfupi walikuwa wawili wakigombea bomba moja.

"Ya pili!" Emilia alipiga makofi katikati ya vumbi la mbao. "Magharibi mpaka alfajiri! Nimeipata! Ya pili!"

Jumapili ilipofika, kilabu kilijaa kuliko siku za sikukuu. Habari za bibi Tabea kukimbilia maziwa mgando zilikuwa zimefika mpaka stesheni, na watu walikuja kuona nani ataungua safari hii. Upepo ulikuwa mkali, mabati yakigonga. Wapikaji walikaa mstari mmoja kwenye benchi. Mbele yao kulikuwa na ndoo ya Emilia, na kando ya Emilia alisimama Nikodemo amevaa shati la kanisani.

"Haya, mwenye pombe," alisema bibi Tabea. "Unywe kwanza."

"Sinywi kwanza, bibi."

Wapikaji waligeukiana. Mpikaji asiyekunywa pombe yake ni mpikaji anayewaambia watu waikimbie.

"Umesemaje?"

"Ulimi wangu uliwadanganya, nami ukanidanganya. Nikinywa kwanza, uso wangu utawaambia nini? Utawaambia uongo uleule." Emilia alimshika mumewe kiwiko. "Atakayekunywa kwanza ni huyu. Mnamjua."

Kicheko kilianza nyuma kikaja mbele kama mvua.

"Nikodemo wa kachumbari!" Erica alipiga paja. "Jamani, leteni machela kabisa!"

"Nyamaza, Erica," alisema bibi Tabea, lakini mdomo wake mwenyewe ulikuwa ukicheza. Alifikiri. Alimtazama Nikodemo, akaitazama ndoo. "Desturi ni desturi. Pombe si ya Nikodemo."

"Kuni nimepasua mimi," alisema Nikodemo.

"Kuni hazinywewi, baba." Watu wakacheka tena. Bibi Tabea aliinua mkono. "Nisikilizeni. Emilia atakunywa kwanza, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa na mama zetu. Nikodemo atakunywa wa pili, kwa sababu tumeungua. Sisi tutautazama uso wa Nikodemo."

Emilia alikunywa. Hakuna aliyemtazama. Nikodemo alipokea kopo, na mamia ya macho yalimfuata mpaka mdomoni. Alikunywa nusu. Akangoja. Hata mimi niliacha kupumua. Masikio yake yalianza kuwa mekundu, kisha shingo, kisha akafumba macho, na Emilia akaanza kusali kwa sauti ya chini. Nikodemo akafumbua macho, akalimaliza kopo, akamrudishia mkewe.

"Jaza."

Makelele! Watu walipiga mbinja, mtu mmoja akapiga ngoma kwenye meza. Makopo yakapita benchini. Nami nilipata langu, na nitajitahidi kueleza. Kwanza ulikuja uchachu wa kawaida wa komoni, kisha harufu ya mahindi yaliyokaangwa, kisha ulezi na utamu wake mdogo wa mwisho. Nikadhani imekwisha. Ndipo joto likapanda polepole kutoka chini, likanienea kifuani mpaka nyuma ya masikio, likakaa hapo bila kuchoma. Mabati yaliendelea kugonga na upepo, lakini upepo ule ulikuwa kama unavuma kwa jirani.

"Mgongo wangu umeota jua," Erica alisema, akishangaa. Akalinyoosha kopo lake. "Ongeza, Mama Remmy. Wifi yangu atanisamehe."

Bibi Tabea alikunywa mpaka kopo lake likaisha. Alijifuta midomo kwa ncha ya khanga.

"Jumamosi ni yako," alisema. "Kuanzia baridi hii mpaka mvua za kwanza, ndipo tutazungumza tena. Lakini kuna sharti. Kila Jumamosi, kabla mteja hajapewa, Nikodemo anywe mbele ya watu."

"Mimi nina kazi Njombe!" Nikodemo alilalamika.

"Jumamosi mchana huna. Na ukikohoa, ndoo inarudi."

Emilia aliliweka kopo chini. Alimshika bibi Tabea mikono yote miwili, akapiga goti, akainuka, akazunguka kama mtu anayetafuta alipoweka kitu. Mtu alimwita aje akae, anywe, afurahi na wageni wake.

"Nikae?" alisema. "Jumamosi ndiyo hii inakuja, na unga haujalowekwa!"

Akatuachia ndoo na sherehe yote, akashika njia ya nyumbani mbio, akimwita Nikodemo amfuate upesi na shoka la kupasulia kuni.