Viti vya mtiki ambavyo fundi Eliud hathubutu kumpelekea mama yake

Saa mbili asubuhi, Daraja Mbili, jijini Arusha. Manyunyu yanagonga bati la karakana, na fundi Eliud Nnko amesimama mbele ya kiti cha mtiki alichokimaliza juzi. Mteja angekilipia laki na nusu bila kununa. Eliud anakilaza ubavu, anashika nyundo na kuupiga mguu wa nyuma mpaka unang'oka.

Anainama kuangalia palipovunjika. "Mbao imechanika yenyewe, gundi haijaachia," anasema. Hafurahi. Anakitupa kwenye rundo la kuni, ambako vimelala vingine vitatu.

Nani huyu anayevunja mali yake mchana kweupe? Hata mkewe, Tabea, anayeuza chai ng'ambo ya barabara, alidhani mumewe amechanganyikiwa. "Nilimwambia, Baba Nancy, hizo kuni zako ni za gharama mno," anasema. Anacheka kidogo.

Kisa ni kiti cha kwanza. Mwaka jana Eliud, mwenye umri wa miaka 54, alimtengenezea mama yake, Hanna, kiti cha kukalia barazani kwake Nkoaranga, kijijini mlimani. Alichagua mtiki kwa sababu mchwa hauwezi. Lakini mbao hiyo ina mafuta. Ukishaipiga randa, mafuta hupanda juu polepole, na gundi ikipakwa hapo hukauka bila kushika. Inatakiwa kuranda, kufuta kwa thina na kupaka gundi papo hapo.

"Niliranda Jumamosi jioni," anasema Eliud. "Jumapili kwetu Walutheri hakuna kazi, nikaenda ibadani. Jumatatu nikapaka gundi bila kuranda upya. Nilijua inavyotakiwa, ila mbao niliiona safi."

Kiti kilivumilia mpaka masika. Siku moja mama akiwa amekaa anamenya ndizi, mguu wa kiti ukachomoka, akaanguka. Nyonga ikavunjika, na tangu hapo hatembei.

Eliud alimbeba mpaka hospitalini, akamrudisha nyumbani, na hajapanda tena Nkoaranga. Anatuma sukari na dawa kwa dada yake, Elinipa, anayemuuguza mama. Inasikitisha, tena sana, mtu kushindwa kumtazama mama yake usoni.

Badala yake anaunda kiti kingine. Tatizo ni kwamba uimara wa maungio hauonekani kwa macho. "Nisipokivunja siamini," anasema. "Nikishakivunja, nampelekea nini?"

Kesho yake mwandishi wa makala haya alipanda Nkoaranga kwa kijia chenye utelezi, kati ya migomba na kahawa. Bibi Hanna amelala kwenye godoro karibu na dirisha, amekonda, sauti imebaki kidogo. Baada ya shikamoo na marahaba, la kwanza anauliza kama Eliud anakula vizuri.

"Nasikia anavunja viti," anasema. "Mimi kiti cha nini sasa, mwanangu? Mwili haukai tena. Elinipa ananigeuza kama mtoto mchanga. Mwambie aje mikono mitupu. Aje kabla sijaanza kumsahau."

Elinipa anakiri kwamba hilo la kutokaa alimficha kaka yake. Aliona angalau kiti kinampa sababu ya kuamka asubuhi.

Jioni, Eliud anapofikishiwa maneno hayo, ana miguu miwili mipya mikononi, imefutwa kwa thina, gundi imefunguliwa. Anaiweka chini.

"Hawezi kukaa kabisa?" anauliza.

Anatazama nje, kuelekea mlimani, ambako mawingu yamefunika kila kitu. Machozi yanamtoka na hayafuti.

"Kesho napanda," anasema. "Natumaini atanijua."

Kisha anauliza kwa sauti ya chini Elinipa humshika wapi mama anapomgeuza, maana anataka kumgeuza mwenyewe, na anaogopa kumuumiza tena.