Nzi wa Dona na Nzi wa Sembe

Mimba ya tatu ilitoka wakati wa masika, mwaka ule sisi watu wa Tumati tulipoambiwa kwamba hatuko tena mkoa wa Arusha, tuko Manyara. Mama mkwe alikuwa mtu wa kanisa, lakini mwiko wa mimba kutoka aliushika kama walivyoushika waliomtangulia: nikae chumba cha nyuma, nisikaribie zizi, nile kwa sahani yangu na kikombe changu, nisije nikawaambukiza wengine msiba. Mume wangu alinihamishia godoro.

Nilikuwa mwalimu wa baiolojia. Chuoni tulifundishwa kwamba nzi jike wa matunda akikosa zinki kwenye chakula hutaga mayai machache. Kwa kuwa mle chumbani sikuwa na kazi nyingine, nilinasa nzi kwa ganda la ndizi, nikawagawa kwenye chupa mbili za jamu. Moja niliitilia uji wa dona, nyingine uji wa sembe, ambao zinki yake nyingi huondoka na pumba. Kila asubuhi nilihesabu mayai kwa lenzi ya mkono, nikaandika. Wa sembe walibaki nyuma.

Na mimi nilikuwa nakula sembe tangu niolewe. Mtu mmoja kijijini alikuwa ameleta mashine ya kukoboa, na mama mkwe akawa ananikobolea mahindi, mimi peke yangu, kwa heshima.

"Shikamoo, mama. Naomba kuanzia leo nile dona."

"Marahaba. Dona? Si nikuletee na pumba, ule na nguruwe?" Alicheka akiwa mlangoni, hakuingia. "Wewe ni mwalimu. Watu watasema tunakutesa."

"Nimeona kwa hawa nzi, mama."

"Wanazaa hao?"

"Wanazaa."

"Basi waulize wanafanyaje."

Hakuwa na ubaya. Kesho yake alileta dona. Nilikula dona mwaka mzima, hata baada ya kuruhusiwa kutoka chumbani, na maharage, na mboga za majani, na chupa zangu nikazitunza dirishani, kizazi baada ya kizazi. Mimba ya nne ikaja. Ikatoka ikiwa na miezi minne.

Nikarudi chumba cha nyuma. Kikombe changu kilikuwa palepale. Mama alisukuma sahani ya dona kutoka kizingitini. Safari hii hakutania.

Kwa mazoea nikachukua lenzi. Kwenye chupa ya sembe mayai yalikuwa machache, kama siku zote. Machache, lakini yalikuwepo; hata wa sembe walizaa. Niliandika tarehe, nafasi ya idadi nikaiacha wazi.