Nilivyoisalimia Kanzu ya Marehemu

Msinicheke kabla sijamaliza. Baba alipofariki, nilibaki na Mama na mke wangu katika nyumba yetu ya Walukuba, hapa Jinja. Mama miguu ilikuwa imemvimba, hivyo tukamkataza kazi zote.

Ijumaa ya kwanza baada ya matanga, nilirudi kutoka dukani nikaikuta kanzu ya Baba imeanikwa uani, inachuruzika maji. Mke wangu akaapa hajaigusa. Ijumaa iliyofuata ikawa vilevile, na upepo ukaijaza mpaka ikanyanyua mikono. Mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikaitolea salamu: "Asalaam aleikum, Baba." Kisha nikakimbilia ndani.

Nikampigia simu baba mdogo aliyeko Mbale. Ijumaa ya tatu akaja na shehe, majirani nao wakajaa uani. Kanzu ilikuwa kambani. Nikawaeleza kwa sauti ya mjuzi kwamba Baba ana jambo anataka kutuambia. Shehe akainua mikono, akaanza dua.

Mara Mama akatoka bafuni akijikongoja, amebeba beseni lenye kofia ya Baba, povu bado mikononi.

"Shehe, mnaisomea nguo? Hata haijakauka."

Watu wote wakanigeukia.

"Miaka yote nimemfulia kanzu yake kila Ijumaa," Mama akaniambia. "Mmeninyang'anya kazi zote, mwanangu, nikaificha hii moja. Umeuliza mpaka watu wa Mbale. Mimi mke wake, mbona hukuniuliza?"