Chumvi ya Bibi na Sikio Lake la Kushoto

Mdogo wangu unayemaliza chuo mwaka huu, kaa nikusimulie Ijumaa moja ya nyumbani kwetu, mtaa wa Ansab, ambayo sijaisahau kwa sababu ya pilau. Nilikuwa nimehitimu masomo ya tiba ya masikio na usikivu miezi miwili nyuma, na kichwa kimejaa magonjwa. Mtu akipiga chafya, mimi moyoni nimeshamzika.

Bibi yangu, Bi Zuwena, alikuwa ametoka kufanyiwa operesheni ya sikio la kushoto. Ndani ya sikio mna vijifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, vinavyopokezana mtikisiko wa sauti kutoka kwenye ngoma ya sikio. Kikuku chake kilikuwa kimeganda, daktari akakibadilisha. Wiki tatu baadaye pilau yake ya kila Ijumaa ikaja na chumvi isiyolika. Kwetu mkono wa Bibi hausahihishwi. Tulikula kwa kushushia maji, tukasema mashallah. Ijumaa iliyofuata ikazidi.

Dalili ya mvua ni mawingu, nikawaza, na mawingu yangu yakawa meusi: Bibi anaanza kupoteza akili. Sikumwuliza. Nilimvuta mama karibu na friji, nikamnong'oneza kwamba tumtoe jikoni kabla hajasahau jiko linawaka. Mama alifuta machozi, akakubali kwamba Ijumaa inayokuja atapika yeye.

Ilipofika, tulimkuta Bibi mlangoni mwa jiko, kiti amekiweka katikati, mwiko mapajani.

"Mwanangu," akaniambia, "mmenipeleka nikatengenezwe sikio. Limetengenezeka. Sasa mnanong'ona ya nini?"

Nikaitazama friji.

"Mimi akili nnazo. Nyinyi ndo mlosahau kunambia chumvi imezidi. Toka operesheni ulimi huu upande mmoja kama nimeramba sarafu. Nilidhani dawa."

"Upande gani, Bibi?"

"Wa sikio."

Mdogo wangu, swali kuhusu hali hiyo nililijibu kwenye mtihani nikapata alama zote. Nyuma ya ngoma ya sikio, kati ya nyundo na fuawe, hupita neva nyembamba kama uzi. Haina kazi na sauti. Inapita njia tu, ikienda kupokea ladha upande wa mbele wa ulimi. Ikiguswa kwenye operesheni, upande huo hupoteza ladha, nayo mara nyingi hurudi baada ya miezi. Nilichovya kijiti cha pamba kwenye maji ya chumvi, nikamgusa ulimi upande wa kushoto. Hamna kitu, akasema. Kulia, akakunja uso wote. Nikampigia daktari wake, naye akasema ndiyo hiyo hiyo.

Bibi alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Basi ntaonja kwa kulia. Na wewe bingwa wa masikio utaonja baada yangu, useme kweli."

Ladha yake imesharudi, lakini kila Ijumaa bado ananiita niulambe ule mwiko, na bado nasema kweli.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Elimu yako ni nzuri, lakini mwenye mwili ndiye anayejua panapomuuma, anza kwake. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumhukumu mtu karibu na friji. Na mkubwa akikosea, mwambie kwa adabu, maana heshima inayomficha mtu kosa lake humnyang'anya mwiko wake.

Mungu akupe masikio yanayowasikia wazee, akupunguzie mawingu yasiyo na mvua, na kila pilau utakayoalikwa iwe na chumvi ya kadiri. Amin.