Mikayi na Boma la Kompyuta

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikifundisha kompyuta mjini Suna, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na somo lililonitoa jasho kuliko yote lilikuwa la kutengeneza websaiti. Mtandao wenyewe haukuwa umetufikia. Kurasa zetu ziliishi ndani ya disketi, na kumweleza mtu websaiti ni nini ilikuwa sawa na kumsifia chakula ambacho hakijawahi kupikwa kwao. Wanafunzi walinitazama kwa adabu, ile adabu ya kanisani wakati wa matangazo.

Nikatafuta njia. Mimi ni binti mzaliwa wa Karungu, nimekulia kwenye boma la Kijaluo, basi nikachora boma ubaoni. Websaiti, nikawaambia, ni boma zima. Seva ni shamba ambalo boma limesimama juu yake, na mara nyingi shamba ni la mtu mwingine, wewe ni mpangaji tu. Anwani ni maelekezo unayompa mgeni ili asiishie kwa jirani. Brauza, ambayo siku hizi wasomi wanaiita kivinjari, ni yule anayemshika mgeni mkono na kumfikisha. Ukurasa wa mwanzo ni kile mgeni anachokiona akivuka lango. Viungo ni vijia vya kutoka nyumba hii hadi ile: unabofya neno, unajikuta mlango mwingine. Na tagi, zile alama za kuiambia kompyuta hapa kichwa cha habari kinaanza na hapa kinaishia, ni milango: ukifungua, funga, la sivyo mbuzi wataingia. Darasa likacheka, na likaelewa. Nilijipenda sana wiki hiyo.

Mwenye duka la chini, ambaye jengo pia lilikuwa lake, alisikia vicheko akapanda ngazi. Alikuwa mzee mnene asiyevua kofia, mwenye wake wawili. Mkubwa aliendesha hoteli ya samaki Homa Bay; mdogo alikuwa na gesti Isebania, karibu na mpaka. Kijana wake wa kwanza alikuwa akisoma ng'ambo, na alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba huko biashara isiyo na websaiti haihesabiki. Mzee akautazama mchoro wangu, akagonga ubao kwa kidole.

"Mwalimu, hii nimeelewa. Nijengee."

Nikajenga. Nilianza na Isebania kwa sababu nyepesi kabisa: mzee mwenyewe siku hizo alikuwa habanduki huko, na picha za gesti alinijia nazo mfukoni. Nikaziingiza kwa skana, nikamweka mke mdogo juu kabisa ya ukurasa wa mwanzo, amesimama mlangoni na gauni la njano. Picha ilikuwa nzito. Ilifunguka taratibu kutoka juu, kwanza kitambaa cha kichwa, kisha paji la uso, kisha tabasamu, na mzee akawa anamwita kila mnunuzi wa misumari apande aione ikifunguka. Hoteli ya Homa Bay niliiwekea kiungo kimoja chini, kilichoelekea kwenye ukurasa ambao sikuwa nimeutengeneza bado.

Habari haina miguu lakini hufika. Siku chache baadaye mke mkubwa aliingia darasani na mkoba na mwavuli, akaketi kiti cha mbele bila kukaribishwa. Wajaluo humwita mke wa kwanza mikayi, na hata asiyejua neno hilo angelitambua cheo chake kwa jinsi alivyoketi.

"Nyathina," aliniita, yaani mwanangu, "hiyo boma ya mzee iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akataka nimweleze maneno yote upya, lango, vijia, shamba la kupanga, naye akiitikia kila moja kama mtu anayehesabu mbuzi zizini. Kisha akaanza yeye.

"Mtu akiingia kwa lango, anaona nani?"

Nikaelekeza kidole kwenye gauni la njano.

"Na mimi niko wapi?"

Nikateremka hadi chini ya ukurasa, nikabofya kile kiungo. Kompyuta ikasema ukurasa haupo.

"Kwa hivyo mmenijengea njia bila nyumba," akasema.

Nilitamani ubao ule ungejifuta wenyewe. Mtoto yeyote wa kwetu anajua kwamba nyumba ya mikayi hujengwa kwanza, nayo hutazamana na lango. Boma jipya mume hulifungua pamoja naye, kwa jogoo, moto na shoka ambalo hushikwa na kijana wao wa kwanza, na usiku wa kwanza mume hulala kwake, hakuna mjadala. Kinyume cha hapo ni mwiko, na mwiko ule huleta balaa hadi kwa kuku. Na mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, nilikuwa nimeitangazia Suna nzima kwamba websaiti ni boma. Mdomo uliponza kichwa.

Mzee akaitwa. Akacheka, akasema hiyo ni kioo tu, hakuna udongo wala mabati hapo.

Mikayi akanigeukia. "Mwalimu, ni boma ama si boma?"

Darasa zima lilinitazama.

"Ni boma, mama."

"Basi ibomolewe. Ijengwe tena, na ifunguliwe vile inatakikana. Kwangu, Homa Bay. Jogoo niko nayo. Shoka nitashika mwenyewe, kijana yuko ng'ambo."

Mzee akasingizia mteja, akateremka. Nikamnong'oneza mama kwamba ningeweza kubadilisha mpangilio pale pale, hata chai haingepoa. Akanikanyaga mguu polepole kwa kiatu chake cha kanisani.

"Wewe hujaolewa, ndio maana. Hiyo kioo sina haja nayo. Tangu mvua kubwa ianze huyu mzee hajalala kwangu. Anatuma dereva, ananisalimia kwa dereva. Nimechoka kupikia mtu hakuji."

Aliyasema bila machozi, macho kwenye skrini. Nilimhurumia, na nilimkasirikia mzee kana kwamba alikuwa ameniacha mimi. Aliporudi nikazifuta kurasa zote mbele yake, moja moja, kwa madaha, nikimweleza kwa sura ya kitaalamu kwamba katika fani hii kosa la msingi halizibwi, hubomolewa. Akaridhia. Alizaliwa bomani kama mimi, na aliogopa mwiko kuliko mashine.

Boma jipya nililijenga siku ile ile, mikayi juu kabisa, kwa picha ambayo kumbe alikuja nayo mkobani. Kompyuta nikaifunga kwa blanketi, ikapakiwa kwenye pikapu katikati ya mifuko ya saruji, mzee akakaa mbele na dereva. Nilimpa mama disketi na maelezo ya kuwasha, akayasikiliza nusu.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Homa Bay kuona kama mashine imewasumbua. Nilimkuta mzee uani, bila kofia, amevaa kandambili zenye kibandiko cha duka bado, akila ngege na ugali bila haraka ya mtu mwenye safari. Sebuleni kompyuta ilikuwa bado imo ndani ya blanketi, na fundo lilikuwa lile lile nililolifunga mimi.

"Boma imefunguliwa, mwalimu," mzee akasema, macho yake kwenye samaki.

Mama alileta chai, amejifunga kitenge kipya, akiimba chini chini. Akaketi kando ya mume wake.

"Nyathina, hii websaiti ikishafunguliwa, inaachwa tu hivyo?"

"Hapana, mama. Lazima isasishwe. Mwenyewe asipoirudia inachakaa, watu wanaacha kuingia."

"Mwenyewe kabisa? Hawezi kutuma dereva?"

"Mwenyewe."

"Kila baada ya muda gani?"

Kitabu nilichofundishia kilisema miezi michache. Nilimtazama mzee na kandambili zake.

"Kila wiki, mama."

Mzee akaacha kutafuna. Alinikazia macho, akamgeukia mke wake, akatazama ua na jiko na nguo zake mwenyewe zilizokuwa zimeanikwa kambani. Kisha akasukuma sahani mbele.

"Basi ongeza samaki," akasema. "Hii kazi ni mingi."

Mama aliichukua sahani haraka, akageuka kabla hatujauona uso wake, na ilichukua muda mrefu sana samaki huyo kutoka jikoni.