Kibandiko Kisichotoka

Muuguzi wa chumba cha upasuaji huhesabu kwa kidole: vitambaa, sindano, mikasi. Kilichoingia mwilini mwa mtu sharti kitoke, ndipo aseme, "Imetimia." Daktari anune asinune, bila neno hilo hashoni mtu. Nyumbani, wageni wakishaaga, huhesabu vijiko. Kinachomkosesha raha ni kile kibandiko chembamba cha dawa, kinachoachwa palipotolewa uvimbe kiyeyuke polepole ili saratani isirudi.

"Hicho hakitoki, dada," daktari humwambia.

"Najua," hujibu, na kuandika jina la mgonjwa kwenye kidaftari cha mfukoni.

Jana mama aliyepasuliwa mwaka juzi alimkuta koridoni, majibu safi mkononi, akalalamikia foleni. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa kidaftari, akalitafuta jina, na pembeni yake akaandika: imetimia.