Baba na Chombo cha Zohali

Baba alifundisha shule ya msingi Ruponda mpaka alipostaafu. Mwaka 1997, nikiwa nyumbani likizo kutoka chuo cha ualimu, alisikia redioni kwamba chombo kimerushwa kwenda Zohali, ile sayari yenye pete. Hakikuwa na mtu ndani, na safari ingechukua karibu miaka saba.

"Nitakisubiri," aliniambia.

Mama alikuwa akichambua mbaazi. Akauliza kwa Kimwera nani atakiendesha kama hakina mtu. Baba akamweleza kwamba wanakiamuru kutoka huku duniani, ila kikishafika kule, amri itakaa njiani zaidi ya saa moja.

"Sasa kikipata shida?"

"Watajua saa nzima imeshapita."

Mama akaendelea na mbaazi zake.

Nilipangiwa kufundisha Ruangwa. Kila nilipokuja likizo, baba alinipa habari za chombo kabla ya habari za ndugu. Kimepita sayari ya Mshtarii. Bado kizima. Alikuwa amechora njia yake kwa chaki nyuma ya mlango, na mama alikatazwa kuifuta.

Machi 2004 baba alianguka shambani, kwenye mikorosho. Kiharusi. Alilazwa hospitali Nachingwea wiki tatu, akarudi nyumbani mkono wa kulia umekufa na maneno yote yameondoka, isipokuwa moja. Akitaka maji, alisema chumvi. Akimwita mama, chumvi. Siku za kwanza mama alimletea chumvi kweli, kwenye kisahani. Daktari alisema maneno huenda yakarudi, huenda yasirudi.

Julai chombo kikafika. Gazeti lenye picha lilifika Ruangwa likiwa limechelewa siku kadhaa. Jumamosi nilipanda lori mpaka Nachingwea, nikaazima baiskeli, nikafika Ruponda mchana.

Nilimkalisha baba, nikamwekea gazeti mapajani. Alizitazama zile pete muda mrefu. Kidole chake cha kushoto kikapita juu ya picha, kikasimama pembeni, mahali palipokuwa peusi tu.

"Chumvi?" aliniuliza. Lilikuwa swali, sauti yake ilipanda mwishoni.

"Ndiyo, baba, kimefika. Kizima."

Alitikisa kichwa kukataa. "Chumvi?"

Nikamsomea habari yote. Nikamtajia miezi inayoizunguka Zohali, ile niliyoikumbuka. Nikamwuliza kama anataka kujua kitarudi lini, nikamwambia hakitarudi. Kila jibu alilitikisia kichwa. Nikampa kalamu, mkono wa kushoto ukachora mstari uliopinda, ukaiangusha. Alianza kulia bila sauti, na mimi, mwalimu wa kulipwa, nilikuwa nimepiga magoti mbele yake nikibahatisha kama mwanafunzi asiyesoma.

"Mwache sasa," mama alisema. "Unamchosha."

Baba akageukia ukutani. Jumapili niliondoka, Jumatatu nilikuwa na vipindi.

Januari iliyofuata nilisikia kwamba chombo kidogo kilichokuwa kimebebwa na kile kikubwa kimetua kwenye mwezi mmoja wa Zohali. Nilipokwenda nyumbani nikamwambia baba, nikiwa nimemshika mkono ule mzima. Aliutazama mdomo wangu, si mimi. Hakusema hata neno lake lile.

Alifariki Aprili. Mvua zilikuwa zimekata barabara, na ujumbe ulinifikia Ruangwa wakiwa wameshamzika.